Mwongozo kamili: kipindi kimoja cha Kiingereza chenye kusikiliza, msamiati na fasihi ndani yake, darasa la watu 70 na umeme hakuna

Walimu wenzangu wa Kiingereza, naandika hii kwa sababu tunakwama wengi na tunakwama palepale. Mwalimu anaingia Form Two, anasoma habari ya ukurasa mzima, darasa limetulia tuli, akimaliza anauliza maswali matano na mikono inayonyooka ni ya walewale watatu wa mbele, anarudia kusoma, bado, mwisho anaeleza yote kwa Kiswahili na kengele inagonga. Wiki inayofuata anaamua mambo ya kusikiliza tuachane nayo, turudi kwenye tenses.

Ukiangalia vizuri hapo hakuna kilichofundishwa, umefanyika mtihani tu usio na karatasi. Mtoto aliyekuwa anasikia kasikia, asiyesikia katoka kama alivyoingia.

Nachoeleza hapa ni double period moja, dakika 80. Wataalamu wanaita diktoglosi, we iite unavyotaka. Unasoma kipande kifupi sana mara mbili tatu, wanafunzi wanadaka maneno muhimu, wanakijenga upya kwenye makundi, alafu kipande hichohicho ndo kinakuwa somo la msamiati na la fasihi. Naifanya Form Two mpaka Form Four, Form One naisogeza mbele mpaka washazoea kidogo kufundishwa kwa Kiingereza.

Vitu vya kuandaa kabla hujaingia darasani

- Kipande cha maneno 50 mpaka 70, umekiandika kwa mkono kwenye karatasi yako. Usizidishe.
- Manila moja yenye kipande hichohicho kwa maandishi makubwa ya maka peni, umeikunja, hakuna anayeiona mpaka muda wake.
- Karatasi chakavu za kuandikia, moja kwa kila kundi. Zilizoandikwa upande mmoja zinatosha kabisa.
- Simu, kwa ajili ya kuhesabu muda na kujirekodi nyumbani.
- Boksi tupu la chaki na vipande vya manila ulivyokata saizi ya kiganja.
- Selotepu na chaki.

Spika ya bluetooth sio lazima. Kwa mara za kwanza nashauri usiilete kabisa, nitasema kwa nini huko chini.

Kipande ninachotumia kwenye mwongozo huu nimekitunga mwenyewe, kichukue ukitaka:

"The bus was already full when Neema climbed in with a basin of eggs in her arms. Nobody moved. An old man in the front seat looked at her, looked at the eggs, and sighed. 'Sit,' he said, and stood up. Neema shook her head. 'You are older than my father.' 'Yes,' he answered, 'but I have paid for those eggs.'"

Maneno 61. Kuna mitego nimeiweka humo makusudi: "seat" na "sit", "sighed" na "said", na vitenzi kibao vinavyoishia "-ed". Tutavirudia.

Hatua ya 1: Jirekodi nyumbani

Soma kipande kwa sauti ukijirekodi kwenye simu, kisha usikilize. Kipande hiki ukikisoma vizuri kinachukua kama sekunde 35 mpaka 40. Ukiona umemaliza kwa 20 unakimbia. Ukiona imefika dakika nzima basi unasoma neno moja moja, na hiyo ni mbaya kuliko kukimbia.

Sababu ni kwamba Kiingereza hakisemwi neno moja moja. "Stood up" inasikika "studap", "climbed in" inasikika "klaimdin". Ukimkatia mtoto kila neno peke yake anakuelewa wewe tu hapo darasani, siku akisikia redio au mtu mwingine anapotea kabisa. Kwahiyo punguza kasi kwa kupumzika kati ya sentensi na sentensi, ndani ya sentensi acha maneno yashikane yenyewe.

Utajua uko sawa pale ambapo kwenye rekodi yako unasikia sentensi nzima nzima zenye kituo kirefu katikati yake.

Hatua ya 2: Wabashiri kwanza (dakika 7)

Andika ubaoni maneno matatu tu: "bus", "eggs", "old man". Waambie wawili wawili wabuni kitatokea nini kwenye hadithi. Hapa waache waongee Kiswahili, kile kibao cha mlangoni cha kukataza Kiswahili kitakusamehe kwa dakika saba. Alafu chukua utabiri wa watu wanne watano, uandike ubaoni kwa Kiingereza chepesi: "The eggs will break." "The old man is a thief."

Sababu: sikio linashika kile linachokitegemea. Mtoto aliyebashiri kwamba mayai yatavunjika atasikiliza kwa hamu ajue kama kweli yamevunjika, na hiyo hamu ndo kazi yenyewe ya hatua hii.

Onyo: usiseme nani kapatia, hata kwa uso. Ukishasema tu, nusu ya darasa hawana sababu tena ya kukusikiliza.

Hatua ya 3: Fundisha maneno mawili tu (dakika 6)

Hapa ndo wengi wetu tunaharibu. Tunaandika maneno kumi na mawili ubaoni na maana zake, watoto wananakili, tukija kusoma hadithi hakuna kigeni kilichobaki na wala hakuna aliyeyashika hayo kumi na mawili.

Jiulize swali moja kwa kila neno, je, asipolijua hadithi itampotea? "Basin" hapana, atasikia beseni humo humo. "Climbed in" atakisia, maana mtu yuko kwenye basi. "Nobody" Form Two wanalijua. Yanabaki "sighed" na "shook her head". Hayo mawili yafundishe kwa mwili: shusha pumzi ndefu, sema "I sighed", darasa zima lishushe pumzi na kusema. Tikisa kichwa kukataa, sema "I shook my head". Watacheka, waache wacheke.

Alafu yaandike ubaoni, maana "sighed" ukiitamka bila kuiandika wataandika "side", na kwa sikio hawajakosea hata kidogo, yanatamkwa sawasawa.

Mafanikio hapa: ukisema "sigh!" darasa linashusha pumzi bila wewe kuonyesha.

Hatua ya 4: Usomaji wa kwanza, kalamu chini (dakika 5)

Kabla hujafungua mdomo andika swali MOJA ubaoni: "Who stands up, and what reason does he give?" Wasome, wahakikishe wanalielewa, kisha kalamu chini kabisa, mikono juu ya dawati, monita asaidie kuangalia nyuma. Soma mara moja. Nyamaza kidogo. Wajibu wakiwa wawili wawili kwanza ndo umuulize mmoja.

Swali lazima litangulie kusoma. Ukiuliza baada ya kusoma unapima kumbukumbu, mtoto anajaribu kukumbuka kitu ambacho hakuambiwa akishike. Hii peke yake ukiibadilisha utaona tofauti hata kama hatua zingine zote utaziacha.

Simama katikati ya darasa, usisimame ubaoni. Darasa la watu 70 wa nyuma hawakusikii, wala hawatakwambia kwamba hawakusikii.

Kama wengi wamepata kwamba ni mzee na kuna habari ya kulipia mayai, endelea. Kama wamepata mzee tu bila sababu yake, poa pia, endelea. Ikiwa hata mzee hawajampata, soma tena kabla ya kwenda mbele, hamna aibu.

Hatua ya 5: Usomaji wa pili, wanadaka maneno (dakika 7)

Sasa kalamu zinashikwa. Waambie waandike maneno tu, sentensi hapana. Onyesha ubaoni kwa sentensi ya kwanza: unaandika "bus – full – Neema – eggs – arms" basi. Kisha soma kipande chote kwa kasi ileile ya mwanzo.

Utaona watoto wanataka kuandika kila kitu, wamezoea imla na kunakili notisi, akikosa neno moja anasimama hapo hapo na sentensi tatu zinampita. Waambie mapema kabisa kwamba mtu akikosa neno aliruke, jirani atakuwa nalo. Na we usipunguze kasi ukiwaona wanahangaika, maana ukishapunguza mara moja tu washajua kwamba wakihangaika zaidi utapunguza zaidi.

Mtoto aliyefanikiwa ana maneno 12 mpaka 20 kwenye karatasi. Mwenye maneno manne nae ana kitu cha kuchangia. Mwenye sentensi mbili kamili na hakuna kingine chini, huyo hajaelewa zoezi, mkumbushe taratibu.

Hatua ya 6: Wanakijenga upya (dakika 20)

Makundi ya wanne wanne. Usihamishe madawati, utapoteza dakika kumi na darasa la jirani watakuja kulalamika. Wawili wa dawati la mbele wanageuka nyuma, wanatazamana na wawili wa dawati la nyuma, kundi limekamilika. Dawati lina watu watatu? Kundi liwe la sita, ila usizidishe hapo.

Kila kundi karatasi moja na kalamu moja. Makusudi. Zikiwa kalamu nne utapata kazi nne za watu wanne waliokaa karibu. Mmoja anaandika, mmoja anasoma kwa sauti kile kilichoandikwa, mmoja ni mkaguzi wa vitenzi, kazi yake ni kuuliza kila kitenzi "hiki ni past?", wengine wanatoa maneno.

Lengo waambie wazi: hadithi ileile, maana ileile, Kiingereza sahihi. Maneno sio lazima yawe yaleyale. Wataongea Kiswahili humo kwenye makundi, hilo halikwepeki na mi sipigani nalo, sikiliza wanachobishania. Ukisikia "hapana, ni looked sio look, imeshatokea" ujue hiyo ni grammar wanafundishana wenyewe, na bora hata kuliko ungewafundisha wewe.

We zunguka. Usisahihishe. Ukiulizwa neno jibu kwa swali, "Neema alikuwa anapanda au anashuka?" Dakika kama ya 12 soma kipande mara ya tatu, safari hii wanajua wanachotafuta na utaona vichwa vinainuka vyote kwa pamoja. Hiyo ndo dakika tamu kuliko zote kwenye kipindi.

Mafanikio: kila kundi lina sentensi tano mpaka nane zinazoeleweka na mwisho wa hadithi upo. Makosa ya grammar yatakuwepo mengi, usiogope.

Kama una single ya dakika 40, fika hapa, punguza ujenzi uwe dakika 15, kusanya karatasi, kesho endelea nazo.

Hatua ya 7: Kulinganisha na kusafisha sikio (dakika 15)

Bandika manila. Makundi yalinganishe ya kwao na ya ubaoni na kuweka alama mbili tu: mstari pale walipotumia maneno tofauti ila maana ileile (hiyo ni pongezi, waambie hivyo), na duara pale maana ilipobadilika.

Maduara ndo yatakuonyesha sikio lao limekwama wapi. Mara nyingi ni hapa:

"Sit" na "seat". Kiswahili chetu kina "i" moja, Kiingereza wana mbili, fupi na ndefu, kwahiyo mtoto anasikia moja tu. Sema "seat, sit, sit, seat", wao wanyooshe kidole kimoja kwa ndefu na viwili kwa fupi. Dakika mbili zinatosha, siku nyingine rudia tena.

"Sighed" na "said". La pili linatamkwa "sed", wengi wanalitamka "seid" kwa sababu ya spelingi, alafu wakisikia "sighed" wanaandika "said".

Mwisho wa "-ed". Hapa kuna ugonjwa mkubwa. Tumezoea kusoma "klaimbedi, lukedi, muvedi", silabi nzima ya ziada, kwahiyo mtu anayetamka "lukt" mtoto anasikia "look" na kuandika "look", tunamwambia hajui past tense wakati hakuisikia. Andika vitenzi vya kipande ubaoni, "climbed, moved, looked, sighed, answered", wasome nawe kwa kupiga kofi la silabi. "Looked" kofi moja. "Moved" kofi moja. Silabi ya ziada inakuja pale neno linapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed", hapo makofi ni mawili.

Onyo, na hili namwambia mwalimu: kama wewe mwenyewe unasema "klaimbedi", anza na mdomo wako. Kamusi nyingi za kwenye simu zina kitufe cha sauti, kibonyeze jioni kabla ya kipindi.

Hatua ya 8: Hapohapo ingia kwenye fasihi (dakika 20)

Watoto sasa wanakijua kile kipande karibu kwa moyo, hawahangaiki tena na maneno, ndo muda wa kuuliza maswali ya maana. Swali langu kwa kipande hiki: yule mzee ni mwema au anaangalia mali yake?

Wanaosema mwema wajihesabu upande wa madirisha, wanaosema anajali hela yake upande wa mlango. Sheria ni moja, huruhusiwi kuongea bila kutaja maneno ya kwenye manila. Wape fremu ubaoni: "I think the old man is ... because the text says ..."

Utashangaa. Mmoja atakwambia alimtazama Neema kwanza kabla ya mayai, kwahiyo ni mwema. Mwingine atajibu pumzi aliishusha baada ya kuona mayai. Mwingine atauliza kwani Neema hakujua mteja wake ni huyu? Na hapo swali la nani kamwambia nini kabla ya basi linafunguka, hadithi haijasema, wanalazimika kubuni kwa ushahidi. Kama kuna muda waulize kuhusu "Nobody moved", maneno mawili tu, yanakwambia nini kuhusu watu wa kwenye lile basi?

Sababu ya kusisitiza ushahidi ni mitihani pia. Kwenye maswali ya Literature ya Form Four watoto wengi wanasimulia kitabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hoja hakuna. Kenya nao wana insha za vitabu teule kwenye karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE (mtihani wao wa kumaliza sekondari), na huko pia kusimulia tu hakumfikishi mtu mbali. Mtoto aliyezoea kusema "because the text says" kwenye kipande cha maneno 61 ataibeba hiyo tabia mpaka kwenye riwaya.

Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike kwenye daftari sentensi tatu: hoja, maneno ya kwenye kipande, na maelezo yake.

Hatua ya 9: Boksi la maneno (dakika 5, kila kipindi kinachofuata)

Kila kundi linachagua neno moja la kuweka kwenye boksi la chaki. Upande mmoja wa kadi neno, upande wa pili sentensi ya kwenye hadithi ikiwa na pengo pale neno lilipo. Tafsiri ya Kiswahili isiwekwe, kwenye daftari lake aandike tu hamna shida.

Kipindi kinachofuata chomoa kadi tano, soma upande wenye pengo, darasa lijaze. Neno lililopatikana na wengi kwa vipindi vitatu linatoka. Lisilopatikana linarudi ndani. Usiache wiki ipite bila kufungua boksi, neno lisiporudiwa linapotea tu hata kama siku ile walilicheka na kulitikisia vichwa.

Yakitokea haya

*Mvua inapiga bati.* Usishindane nayo, hutashinda. Geuza kuwa imla ya kukimbia: nakala nne za kipande bandika ukutani barazani, kila kundi litume mtu mmoja, asome, akariri sentensi, arudi amnong'oneze mwandishi sikioni. Asibebe kalamu wala karatasi. Wabadilishane kila sentensi. Nakala iwe moja watasukumana, na sakafu imelowa.

*Kundi moja limemaliza kwa dakika nane.* Waambie waandike kilichotokea kituo kinachofuata.

*Kuna watoto hawaongei kabisa.* Wape kazi ya kusoma kwa sauti kilichoandikwa. Hawahitaji kutunga, ila sauti yao inasikika.

*Kusahihisha.* Watu 70 wanakupa karatasi kama 18, hiyo ni raha. Zungushia aina mbili tu za makosa, past tense na lingine moja utakaloona limezidi, mengine yaache. Karatasi ikirudi nyekundu yote hakuna anayeisoma.

Spika na sauti za kurekodi

Zilete wakishazoea hizi hatua kwa sauti yako. Sauti ya kurekodi haioni nyuso, haisimami mtu akikohoa, na mtoto anayekutana na zoezi jipya na lafudhi mpya kwa siku moja anashindwa vyote viwili. Chagua kipande cha dakika moja, usipite hapo. Zile habari za VOA za wanaojifunza Kiingereza ni mahali pazuri pa kuanzia, zilitengenezwa kwa kasi kama theluthi mbili ya mazungumzo ya kawaida na msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500. Pakua nyumbani, usitegemee bando darasani. Spika iweke dawati la katikati, sauti ijaribu darasa likiwa na watu ndani, maana darasa tupu linadanganya.

Kipande kijacho utakitoa wapi

Toa kwenye kitabu teule mnachosoma. Tafuta mahali penye watu wawili wanaongea na kuna jambo limefichwa, maneno mapya yasizidi manne, na ukisome chenyewe bila utangulizi uone kama kinaeleweka. Tamthiliya ni rahisi zaidi kwa hili. Shairi nalo linafaa, ila chukua mistari sita mpaka nane, na kwenye hatua ya 6 wajenge maana yake kwa nathari badala ya kulazimisha mistari ileile, wakikesha kwenye vina hamtafika hatua ya 8.